Saa za kazi ni zipi? Mabanda ya gemu na wavuvi wa usiku Mwanza

Katika mikutano ya mitaa hapa Mwanza kuna hoja moja ambayo haikosi mtu wa kuisimamia: kwamba mabanda ya gemu yafungwe tangu asubuhi hadi saa kumi jioni, ili vijana waende kazini badala ya kushinda wameshika pedi za kuchezea gemu za televisheni. Wazazi huipigia makofi, na wenye mabanda hukaa kimya kwa kuwa hakuna anayetaka kugombana na mgambo. Nimeisikia hoja hiyo mara nyingi, na sehemu yake naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini maneno yaliyobeba uzito wake wote, yaani "saa za kazi", sijawahi kusikia mtu akiyafafanua.

Banda ninalolifahamu vizuri liko Kirumba, mwendo mfupi kutoka mwaloni, pale mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga. Lina televisheni nne, mabenchi ya mbao, feni moja, na pazia zito mlangoni la kuzuia mwanga wa jua. Saa nne asubuhi utakuta vijana wawili wanacheza gemu la mpira, mmoja akiwa bado na magamba ya dagaa yaliyomkaukia mikononi, suruali imekunjwa hadi magotini, maji ya ziwa hayajakauka kwenye upindo. Mechi ikifika mapumziko anasinzia na pedi mkononi. Mwenzake anamgusa bega, anazinduka, wanaendelea. Mpita njia akichungulia ataona mzururaji, ilhali kijana huyo alipanda mtumbwi jana magharibi, akakesha akivuta nyavu, na alfajiri akapakua mzigo ambao kina mama wameshauanika kabla ya mkutano wa mtaa kufunguliwa.

Uvuvi wa dagaa una saa zake na hauzifuati zile za ofisini. Taa huwashwa juu ya maji ili dagaa wakusanyike, na taa hufanya kazi pale tu giza linapokuwa giza kweli. Mbalamwezi ikitanda ziwa zima, mwanga wa taa hauwavuti tena, mafuta ya injini yanateketea bure, na mitumbwi mingi hubaki nchi kavu kwa siku kadhaa hadi mwezi upungue. Siku hizo ndizo mabanda ya Kirumba hujaa. Anayehesabu vichwa vya vijana waliokaa mbele ya televisheni katika juma la mwezi mpevu, kisha akaandika kwamba vijana wa mwaloni hawapendi kazi, amehesabu watu walio likizo. Sheria yenyewe inajua kwamba usiku ni wakati wa kazi: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inautaja usiku kuwa ni kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na inamtaka mwajiri aongeze angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya kazi ya usiku. Mvuvi anayelipwa kwa mgawo, baada ya tajiri mwenye mtumbwi kukata gharama za mafuta na gharama nyingine, hana mshahara wa msingi wa kuongezewa hiyo asilimia 5. Kijana huyo huyo ndiye anayeambiwa asipumzike mchana.

Hofu ya mtu anayeonekana kukaa bure ina historia ndefu katika siasa zetu, na hoja ya mabanda imezaliwa humo. TANU ilikuwa na kaulimbiu ya Uhuru na Kazi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisikitikia nguvu za mamilioni ya wanaume vijijini na maelfu ya wanawake mijini zilizokuwa zikipotea katika porojo, ngoma na pombe. Mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvu Kazi, na watu wasioweza kuonyesha kazi zao wakakamatwa mijini na kupelekwa mashambani. Mwaka 2015 tukasikia Hapa Kazi Tu. Siyabezi mawazo haya, kwa sababu nchi iliyojengwa kwa jembe ilikuwa na haki ya kuidai mikono ya kila mtu. Ila somo la 1983 liko wazi: ofisa anapopewa mamlaka ya kumtambua asiye na kazi kwa kumtazama tu, hukamatwa yule ambaye kazi yake haina kitambulisho, na kwa sehemu kubwa ya vijana wa Mwanza kazi haina kitambulisho.

Sasa niseme ya upande wa pili, na sitaki kuyapunguza uzito, kwa maana yamenifika nyumbani. Mpwa wangu alipokuwa kidato cha pili alikula nauli yake ya daladala kwenye banda karibu muhula mzima. Alikuwa anatoka nyumbani amevaa sare, anaingia bandani, anabadili shati, na jioni anarudi kwa miguu huku akituambia magari yalikuwa yamejaa. Tulijua baada ya kukosa mtihani. Dada yangu alikwenda mpaka kwenye lile banda, akamkuta mtoto wake amekaa katikati ya watu wazima waliokuwa wamewekeana dau la elfu mbili kwa mechi, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza kwa nini hayuko darasani. Mzazi aliyepitia hayo ukimweleza habari za mbalamwezi na mitumbwi, atakuona huna huruma.

Tena hofu yake ina msingi. Shirika la Afya Duniani liliingiza tatizo la kutawaliwa na gemu katika orodha yake ya magonjwa, orodha iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni mtu kushindwa kujizuia, kulitanguliza gemu mbele ya mambo mengine yote, na kuendelea hata anapoona madhara, kwa kawaida kwa muda usiopungua miezi 12. Kuna pia suala la dau. Gemu la mpira na dubwi, yaani mashine ya kamari, ni vitu viwili tofauti, na michezo ya kubahatisha ina sheria na bodi yake inayowakataza walio chini ya miaka 18, lakini mashine ya dubwi ikiwekwa kwenye kona ya banda la gemu, mtoto aliyeingia kucheza mpira anajifunza kamari bila kuvuka kizingiti kingine. Hapo sina mjadala na wazazi.

Wapo wanaoitaja China, ambayo tangu mwaka 2021 inawaruhusu walio chini ya miaka 18 kucheza gemu za mtandaoni saa moja tu, saa 2 hadi saa 3 usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Amri hiyo inategemea kila mchezaji kujisajili kwa jina lake halisi. Pleistesheni moja ya Kirumba, iliyoshikwa na mikono arobaini kwa siku, haiwezi kujua nani ana miaka 13 na nani ana 30. Anayeweza kujua ni kijana anayesimamia banda, naye nitamrudia.

Upande wa wachezaji nao una kosa lake. Huwa wanajibu kwa kifupi kwamba gemu ni burudani na siasa zisiingizwe humo. Siasa ziliingia zamani. Gemu la mpira wanaloendelea kuliita FIFA, ingawa lilibadilishwa jina mwaka 2023, ni la kampuni ya EA, ambayo Septemba 2025 ilitangaza kukubali kununuliwa kwa dola bilioni 55 na kundi la wawekezaji lenye mfuko wa serikali ya Saudi Arabia ndani yake. Waigizaji wanaozipa gemu sauti na miondoko waligoma Marekani kuanzia Julai 2024, wakidai akili mnemba isitumie sauti na miili yao bila ridhaa na malipo, hadi mgomo uliposimamishwa Juni 2025, na mkataba mpya ukapitishwa Julai. Mfano unaonigusa zaidi ni wa Raven Software ya Wisconsin, ambako wapo watu wanaolipwa kucheza gemu kutwa nzima wakitafuta makosa. Desemba 2021 wenzao kadhaa walipoambiwa mikataba yao inakatizwa, waliacha kazi kwa kupinga, na Mei 2022 wakapiga kura ya kuunda chama cha wafanyakazi, 19 dhidi ya 3. Mtu anayecheza gemu saa nane kwa siku kwa masharti ya mwajiri ni mfanyakazi. Kinachoamua ni masharti na malipo. Kuwepo kwa pedi mkononi hakuamui lolote.

Kipimo hicho kikiletwa Kirumba kinamwangukia mtu mmoja ambaye pande zote mbili hupita bila kumwona: kijana wa banda. Anafungua saa tatu asubuhi, anafunga saa tano usiku. Hizo ni saa 14 kwa siku, na kwa siku sita ni 84, wakati sheria ile ya 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, inakataza zaidi ya saa 12 kwa siku hata ukijumlisha za ziada, na saa za ziada zenyewe zisizidi 50 kwa wiki nne. Analipwa kila siku kulingana na mechi zilizochezwa, televisheni ikiungua anakatwa, mkataba hana. Mkutano wa mtaa unaotaka vijana waende kazini haujawahi kumuuliza kuhusu kazi aliyo nayo tayari.

Kwa hiyo ningependa halmashauri ya Ilemela na ya Jiji, zinapotoa leseni za biashara, ziache kufunga mabanda kwa saa na zianze kuyabana kwa masharti: mwanafunzi asiingie siku za masomo kabla ya saa kumi jioni, awe na sare au hana, dubwi na madau yasiwe ndani ya banda, na mwenye banda aonyeshe mkataba wa anayelisimamia, wenye saa na malipo yaliyoandikwa. Watasema sharti la mwisho halihusiani na watoto. Linahusiana nao moja kwa moja, kwa kuwa huyo ndiye tunayemtaka amrudishe mtoto mlangoni, na mtu anayelipwa kulingana na idadi ya mechi zilizochezwa hawezi kumfukuza mteja, hata awe na miaka 12. Gharama itapanda, na huenda mabanda madogo kadhaa yakafungwa. Nakiri hilo ni pigo kwa familia zinazoyategemea. Kuhusu mvuvi aliyekesha, sioni sababu ya kumgusa. Viongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa uvuvi cha mwalo, wanamjua kwa jina, na mwezi ukipungua atarudi mtumbwini bila kusukumwa na mgambo.