Mkimwokota Mzee, Mpimeni na Macho

Jumapili nimeamka nikakuta video ya harusi kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Bibi mmoja, kajifunga kitenge cha sare, ameshakabidhi zawadi yake jukwaani na anageuka kushuka. Ukumbi mzima umetandikwa zulia jekundu: jukwaa jekundu, ngazi nyekundu, sakafu nyekundu. Bibi anatupa mguu mahali anapoamini pana sakafu, kumbe hapana. Anakwenda chini na kilemba chake. Mtu kaipachika video singeli, na huko chini emoji za kucheka zimejipanga mpaka kidole kinachoka kuzipitisha. Mmoja kaandika, "Bibi kaonja kidogo huyo." Mwingine: "Dawa ya uzee ni kukaa nyumbani."

Hiyo ya kukaa nyumbani ndiyo iliyonipandisha hasira, na nitaifikia.

Sijui bibi yule anaumwa nini, wala simtibu mtu kwa simu. Ila namna alivyoanguka naijua. Mtu aliyejikwaa huwa anakiona alichojikwaa nacho, hata kama amechelewa. Anaruka, anashika, anatukana. Yeye hakushtuka mpaka mguu ulipokuwa tayari hewani. Mama mkubwa wangu wa Tanga huanguka hivyohivyo, na kwake ilikuja kujulikana ni glakoma, presha ya macho.

Nikwambieni mama mkubwa ni mtu wa namna gani. Akivaa miwani yake ya kusomea anatunga uzi kwenye sindano mara moja. Anasoma msahafu jioni. Ukiingia kwenye uchochoro wao anakutambua ungali mbali na kukuuliza kwa nini umekonda. Lakini kigoda kilichokaa hatua moja mbele yake hakioni. Anapiga teke ndoo. Anakanyaga mkia wa paka. Sinia la chai ukiliweka chini kwenye mkeka, basi hesabu vikombe mapema.

Familia ikatoa hukumu zake. Kwanza ana haraka. Baadaye ikawa presha, kisha sukari, kisha magoti. Jirani mmoja akashusha sauti na kusema huenda kuna mkono wa mtu. Kila alipoanguka alifungwa kile kitambaa cha kupimia presha mkononi, na kila mara watu walitikisa vichwa kwa busara. Alishapelekwa hata kwenye macho. Akakalishwa mbele ya ubao wa herufi, akazisoma karibu zote, akaambiwa macho mazima, akauziwa miwani, akarudi nyumbani akaangukia kizingitini.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa leo. Ubao wa herufi unapima katikati ya macho, pale unapotazama moja kwa moja, basi. Glakoma kwa kawaida haianzii hapo. Inakula mshipa wa fahamu unaopeleka picha kutoka jichoni hadi kwenye ubongo, inaula polepole, na kinachopotea mwanzo ni pembeni, juu na chini. Katikati huweza kubaki pazuri hadi ugonjwa umekwenda mbali sana. Kwa hiyo mtu anaweza kusoma ubao wako wote, akapongezwa, na akatoka mlangoni akiwa amepoteza sehemu kubwa ya anachopaswa kuona. Hauumi. Jicho haliwi jekundu. Sizungumzii ile aina inayokuja kwa kishindo, na maumivu na kutapika. Nasema hii ya kimyakimya, ambayo ndiyo tuliyo nayo zaidi huku kwetu.

Na anayedhani mgonjwa anaona giza pembeni, au anatazama kama aliye ndani ya bomba, afute. Haoni giza. Jicho moja linafidia la pili, na panapobaki pengo ubongo unaliziba kwa rangi ya kilicho jirani. Pengo likiwa kwenye zulia jekundu, linazibwa kwa zulia jekundu. Mgonjwa anaona sakafu imenyooka, safi, haina ngazi. Anaiamini, kama wewe unavyoiamini unayoiona sasa hivi. Ongeza kwamba glakoma hupunguza hata uwezo wa kutofautisha rangi zinazokaribiana, kijivu cha saruji na kijivu cha kivuli, halafu tandika kila kitu rangi moja na uzime taa kubwa ili video itoke vizuri. Mpambaji anastahili tuzo.

Wewe unapotembea hutazami miguu yako. Unatazama mbele, unaongea na simu, na sehemu ya chini ya macho inakuletea habari za mtaro, jiwe, mtoto anayetambaa, bila wewe kujua kwamba unaletewa. Watafiti wa Brisbane, Australia, waliwafuatilia wazee wenye glakoma kwa mwaka mzima wakihesabu kila anguko, na mwaka 2011 wakaandika kwamba waliopoteza sehemu ya chini ndio walioanguka zaidi. Mtu yeyote aliyeishi na mama mkubwa angewaambia.

Kwa hiyo ile kelele yetu ya "Tazama chini, mama!" haina maana yoyote. Akiinamisha kichwa kuitafuta miguu yake, anapoteza cha mbele. Mama mkubwa alijaribu kututii, akapigwa kipaji cha uso na dirisha lililofunguliwa kwa nje. Tukamwambia atazame mbele.

Sasa hiyo dawa ya kukaa nyumbani. Aliyeanguka huogopa kuanguka tena, hilo ni la kawaida kabisa. Mama mkubwa aliacha kwanza misiba ya jioni, akaacha kikoba, akaacha sokoni. Watoto wakafurahi, mama ametulia. Mguu usiotembea unalegea, na mguu uliolegea unaanguka hata chumbani kwake, usiku, akienda msalani. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na wanaokufa zaidi ni waliovuka miaka 60. Mzee akivunjika nyonga mnajua kinachofuata: kitanda, vidonda vya mgongoni, kifua. Chekeni sasa.

Haya, nikubali kidogo, maana najua mtakuja kunisahihisha. Wazee huanguka kwa mengi: dawa za presha zinazoshusha kupita kiasi, ganzi ya miguu ya sukari, misuli, mtoto wa jicho, kandambili zilizokwisha soli. Kuna hata miwani ile yenye kusomea chini na kuonea mbali juu. Ukishuka ngazi unaitazama kupitia sehemu ya kusomea, inakuwa ukungu. Nakubali pia kwamba kilicholiwa na glakoma hakirudi, si kwa matone wala kwa upasuaji. Mtoto wa jicho anatolewa na mtu anaona. Huku kwenye glakoma unalinda kilichobaki tu. Lakini kilichobaki ndicho anachotembelea.

Na matone yenyewe yana vituko vyake. Timolol, ambayo ni miongoni mwa zilizo nafuu, ikitoka jichoni hupitia puani na kuingia kwenye damu, ikapunguza mapigo ya moyo. Mzee anainuka kitandani ghafla, kizunguzungu, chini. Na mwenye pumu lazima aseme mapema, kwa sababu inaweza kumbana. Ukishadondosha tone, fumba jicho na ubonyeze kwa kidole ile kona ya ndani karibu na pua, dakika moja au mbili. Jambo jepesi namna hii, mama mkubwa ametumia chupa na chupa kabla ya nesi mmoja kumwonyesha. Na dirisha la wazee hospitalini, lipo, kibao cha kumpisha mzee kipo, dawa ndiyo ya kununua nje.

Ninachodai hakihitaji bajeti. Nyie wa zahanati, mzee akiletwa kwenu ameanguka, mfungeni kitambaa cha presha, sawa, halafu mkae mbele yake, azibe jicho moja, atazame pua yenu, nanyi mlete vidole kutoka pembeni, juu na chini, aseme anaviona lini. Haichukui muda mrefu. Si kipimo kamili, glakoma changa inaweza kukipita, ila pengo kubwa la chini litajionyesha, na hapo mtajua wa kumpeleka kwa daktari wa macho amulikwe nyuma ya jicho na kupimwa kwa ile mashine ya kubonyeza kitufe kila taa inapowaka. Presha ya jicho peke yake haitoshi. Wapo wanaopimwa ikaonekana ya kawaida na ugonjwa wanao. Na hatuzungumzii wachache. Utafiti wa Kongwa, Dodoma, uliochapishwa mwaka 2000, ulikuta glakoma kwa watu kama 4 katika kila 100 wenye miaka 40 na zaidi. Kongwa, wala si huko Ulaya.

Nyumbani, nunueni kopo la rangi ya njano mpake ukingo wa kila ngazi. Taa ya msalani iwake usiku kucha. Waya za chaja ziondoke njiani. Marumaru zinazong'aa kama sinia la harusi mlizomjengea mama kwa upendo, mtandikieni kitu kisichoteleza.

Tena ugonjwa huu hutembea katika damu. Ndugu wa tumbo moja na watoto wa mgonjwa ndio wa kupimwa kwanza. Mama yangu ni mdogo wake mama mkubwa, na anasema yeye hana shida, juzi tu amesoma ubao wote. Ijumaa tunakwenda, apende asipende, na kabla ya kulipa nitauliza pale mapokezi: mna mashine ya kupima pembeni, au mna ubao tu?