Mkono Umeungwa, Bomba Bado

Shati hili jana saa mbili asubuhi lilikuwa jeupe. Tena jeupe la harusi, mali ya shemeji yangu, aliloniazima kwa masharti matatu, na yote matatu yalihusu usafi. Saa mbili na robo lilikuwa na rangi ambayo mke wangu ameikagua usiku kucha na hajaipatia jina mpaka sasa.

Nilikuwa nimesimama kando ya barabara, pale kwenye kipande cha kupanda. Mnakijua. Kila barabara ina kipande chake cha kupanda, ambapo gari zima hupunguza mwendo na gari bovu huungama dhambi. Lori la taka likaja. Ubavuni limefungwa bango jipya: HALMASHAURI YETU INAUNGA MKONO SHERIA YA HEWA SAFI. Mimi ni mtu wa kupenda mabango, nikaanza kulisoma kwa sauti. Nilipofika kwenye "hewa", dereva akabadilisha gia.

Moshi ule haukutoka, ulimwagwa. Tuliokuwa kituoni tukaanza kutambuana kwa sauti. Ulipopungua kidogo mama mmoja akanigeukia, akanitazama kuanzia kola mpaka kiunoni, akaniuliza kwa upole, "Baba, na wewe ulikuwa hapa tangu mwanzo?"

Na mimi nilikuwa nakwenda huko huko kwenye hewa safi. Halmashauri ilikuwa imetualika wananchi tutoe maoni kabla madiwani hawajapitisha azimio la kuunga mkono sheria ya kupunguza moshi wa magari. Sheria yenyewe inatungwa na wakubwa huko juu. Hawa wetu kazi yao ni kuunga mkono. Ndiyo maana nikaazima shati. Mtu haendi kutoa maoni akiwa na fulana ya mgombea aliyeshindwa.

Ukumbini nikapata kiti karibu na dirisha, nikashukuru. Subirini.

Mtaalamu alikuwa kijana mmoja mwembamba mwenye projekta, na nasema kwa haki kabisa kwamba alianza vizuri. Akatuambia kuwa mwaka 1943, vita vikiwa vimepamba moto, mji wa Los Angeles ulifunikwa na wingu linalochoma macho, watu wakadhani Wajapani wamewapiga kwa gesi. Haikuwa hivyo. Miaka michache baadaye mwanakemia Arie Haagen-Smit akawaonyesha kwamba ni moshi wa magari yao wenyewe na wa viwanda vya mafuta, umepikwa na jua mpaka ukageuka sumu. Adui alikuwa ameegeshwa uani. Ukumbi ukaguna, nami nikaguna kwa sauti kidogo kuliko wenzangu, ili watu wajue kuna msomi karibu na dirisha.

Akahamia London. Kule mwaka 2019 walianzisha eneo ambalo gari chafu likiingia linalipa kwa siku, na Agosti 2023 wakalitandaza mji mzima. Halmashauri nne za humo humo mjini, pamoja na ile ya Surrey jirani, zilikwenda Mahakama Kuu kupinga kutandazwa huko, zikashindwa Julai. Hapo niliona madiwani wetu wakitazamana. Nadhani ilikuwa mara yao ya kwanza kusikia kwamba halmashauri inaweza kukataa kitu.

Ndipo harufu ikaingia.

Mwanzoni kila mtu alimshuku jirani yake. Kisha nikachungulia dirishani. Chini yake, mita mbili kutoka pua yangu, lilikuwa limesimama gari la mheshimiwa mwenyekiti wa kikao, vioo juu, injini inanguruma, dereva amelala ndani. Kikao kilikuwa na saa nzima. Gari lilikuwa linapozwa ili mheshimiwa akitoka asikute joto.

Tukafunga dirisha. Joto likapanda, watu wakaanza kujipepea kwa rasimu ya azimio. Tukafungua. Watu wakakohoa. Tukafunga. Mzee mmoja nyuma akapendekeza tupige kura ya dirisha kwanza, azimio baadaye. Mtaalamu, maskini, wakati huo huo alikuwa amefika kwenye kaboni monoksaidi, anaeleza kwamba gesi hii haina rangi wala harufu, kwamba unayoisikia puani siyo yenyewe. Watu wa upande wangu tukaacha kukohoa tukabaki kutazamana. Afadhali angetuacha na ile tunayoisikia.

Nikanyoosha mkono.

"Ndiyo, mzee mwenye shati la kijivu," akasema mwenyekiti.

"Mheshimiwa, shati ni jeupe."

Akavaa miwani. "Mzee, tusipoteze muda wa kikao. Karani, andika: mwananchi mwenye shati la kijivu."

"Mheshimiwa, naomba irekodiwe kuwa ni jeupe, na kwamba lilipata hali hii kutoka kwa lori lenye bango la halmashauri hii hii."

Minong'ono. Diwani mmoja akamnong'oneza mwenzake, huyo akamnong'oneza mwenyekiti, mwenyekiti akajikohoza, na sijui kama kilikuwa kikohozi cha mamlaka au cha dirisha. Akasema kwa sauti ya kumaliza mjadala: "Mwananchi aelewe. Lile lori si la halmashauri. Lile lori ni la mkandarasi. Bango ndilo la halmashauri."

Wako waliopiga makofi! Watu wazima.

Nikasema sawa, lori tuliache. Je, na hilo gari hapa dirishani ni la mkandarasi? Kimya. Mhudumu akatumwa nje akalizimishe. Akarudi akasema dereva amegoma. Amri ya kutozima aliipata kwa mheshimiwa mwenyewe na hawezi kuitengua kwa maneno ya mhudumu. Mheshimiwa akamwambia mhudumu, mwambie nimesema mimi. Mhudumu akaenda, akarudi: dereva anauliza kama mheshimiwa anakumbuka kwamba betri imekufa tangu juzi, na gari likizimwa halitawaka mpaka lisukumwe.

Mheshimiwa alikuwa anakumbuka. Ilionekana usoni.

Basi ikaamuliwa, na nadhani imo kwenye kumbukumbu za kikao, kwamba gari liendelee kuunguruma na kikao kiharakishwe. Mtaalamu akakatwa katikati ya sentensi. Azimio likasomwa: halmashauri yetu inaunga mkono kwa dhati sheria ya kudhibiti moshi wa vyombo vya moto, ikiwa ni pamoja na kupiga marufuku kuacha injini ikinguruma bila sababu ya msingi. Wanaoafiki? Mikono yote ikapanda. Mkono mmoja juu, mmoja puani. Azimio likapita bila kupingwa na bila kuvuta pumzi.

Mngedhani yameisha. Mpiga picha akataka waheshimiwa wasimame mbele ya gari na lile azimio, na akasema picha ya hewa safi haiwezi kupigwa huku nyuma kunafuka. Likazimwa. Picha tatu, moja ya wanaocheka. Kisha mheshimiwa akapanda, akafunga mlango, akasubiri, na wote mkakisia kilichofuata. Akashusha kioo na kunitazama mimi, kati ya watu wote. Safari hii aliniita kwa heshima zote.

"Mzee wangu wa shati jeupe, tusaidiane kidogo."

Nilisukuma. Msiniulize kwa nini. Mtu ukiitwa "mzee wangu" mbele za watu, mikono inakwenda yenyewe. Tulisukuma watu sita, mtaalamu akiwemo, na gari lilipowaka lilitoa moshi wa rangi ya samawati moja kwa moja kifuani kwangu. Mtaalamu, bado anahema, akasema, "Hiyo samawati ni oili, ringi zimekwisha. Ule mweusi wa lori ni dizeli isiyoungua vizuri." Nikamshukuru. Hatimaye mtu alikuwa amesoma shati langu.

Nacheka, lakini sikilizeni. Mtoto wangu wa mwisho ana miaka saba na hulala ameketi. Pampu yake ya pumu iko mfukoni mwa sare, na shule yao iko pale pale kwenye kipande cha kupanda. Siku moja nilichuchumaa nikafunga kamba ya kiatu chake pale kando ya barabara, ndipo nikagundua kuwa bomba la basi liko sawasawa na uso wake. Siku zote mimi nimekuwa nikipita juu ya moshi, yeye anapita ndani yake. Halafu mtu anakuja kuniambia bango ndilo la halmashauri! Bango linapumua? Umeunga mkono, vizuri, asante, sasa nani ataunga bomba? Maana bomba la lori lile lina tundu ninaloweza kupitisha ngumi, na wala haihitaji Mahakama Kuu, inahitaji fundi wa kuchomelea na nusu saa.

Na msiniambie sheria hazisaidii. Petroli yenye madini ya risasi tuliivuta tangu miaka ya 1920, na nchi ya mwisho, Algeria, iliacha kuiuza mwaka 2021. Haikuondoka kwa mabango.

Nimetulia.

Ningekuwa mnafiki nisiposema kuhusu gari langu mwenyewe. Fundi wangu alinishauri atoe masega kwenye ekzosi, yale yanayosafisha moshi, akasema gari litakuwa jepesi. Likawa jepesi kweli, na yeye akawa mzito mfukoni, kwa sababu masega yana platinamu, paladiamu na rodiamu, na mimi nilidhani yana masizi. Tangu hapo gari langu linanuka kama jiko la watu wengine. Jirani yangu naye hupasha moto la kwake kuanzia alfajiri, kisha hupanda pikipiki. Kondakta mmoja nilimwambia basi lao linafuka, akanijibu nifunge mdomo, na kwa hali ya hewa ilivyokuwa sikuweza kujua kama ni tusi au ushauri wa afya.

Mtaalamu niliandamana naye kidogo kwa miguu. Akaniambia nisiwashangae wetu. Mwaka 1989 Mexico City ilikataza kila gari kutembea siku moja kwa wiki kufuatana na namba yake. Baadhi ya watu wakanunua gari la pili, kuukuu, lenye namba nyingine. Na mwaka 2015 Volkswagen walikamatwa na magari yaliyokuwa yanajua yanapopimwa: mbele ya kipimo yanapumua kama watawa, yakirudi barabarani yanarudia tabia. Magari milioni 11 hivi duniani. Nikamwambia hiyo teknolojia kwetu ipo, sema imefungwa kwa madiwani. Hakucheka. Alikuwa anatazama mikono yake ya kusukumia.

Basi nikafika nyumbani. Mke wangu ameliloweka, amelisugua, amelianika, na alipolianika nje jirani akawasha. Sasa limeanikwa sebuleni juu ya televisheni, na tunatazama taarifa ya habari kupitia mkono wa kushoto. Picha ya waheshimiwa ilionyeshwa. Nyuma yao, kwenye kona, ninaonekana mimi, na lazima nikiri kwamba kwenye televisheni kweli linaonekana la kijivu.

Harusi ni Jumamosi. Shemeji amepiga simu mara mbili sikupokea, ya tatu nikapokea kwa bahati mbaya. Hakuuliza kama nimelifua. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza taratibu, kama mtu anayejishuku mwenyewe:

"Shemeji, nimekuona kwenye taarifa ya habari. Hivi shati langu lilikuwa na mistari?"

Nikamwambia mtandao unakatika.