Nimewekwa wa Kumi na Mbili

Alhamisi usiku, wakati mtu mwenye heshima zake ameshakula na anatafuta upande baridi wa mto, simu ikalia. Orodha ya timu yetu ya kriketi ya Jumapili. Nikalitafuta jina langu kuanzia juu, nikashuka, nikashuka, nikafika kwa wa kumi na moja, nikampita. Kumbe nipo chini kabisa, wa kumi na mbili. Yaani mbeba maji mwenye jezi.

Nafasi yangu kapewa kijana mmoja ambaye sitamtaja. Mipira yake ina kasi, hilo sikatai. Ina kasi hasa ikishapigwa. Lakini ana Probox, na vifaa vya timu lazima vifike uwanjani. Kwa hiyo nahodha wetu hakuchagua mrushaji, alichagua buti la gari.

Sikujibu. Mtu mzima hajibizani usiku. Nilituma kidole gumba, kisha nikakaa macho hadi saa nane nikitunga majibu.

Ijumaa ilianza ilivyozoea kuanza. Mtungi wa maji umepanda tena. Mbaazi zimepungua kwenye sahani hadi zinaitana. Hayo yote niliyasamehe, nikaenda kunyolewa kabla ya swala.

Kinyozi akaanza upande wa kulia. Amefika katikati ya kichwa, kijana aliyekuwa benchini na simu yake akasema, bila kuulizwa na mtu: "Hajazaliwa mrushaji kama Bumrah wa India."

Ningenyamaza. Nilikuwa na mashine utosini. Lakini kuna mambo ukiyaacha yapite, watoto watakua vibaya. Nikamwambia kwa upole, "Mwanangu, Muralitharan wa Sri Lanka aliangusha wiketi 800, yaani aliwatoa wapigaji 800, katika mechi za siku tano. Warne wa Australia, 708."

"Hao walicheza miaka mingi, ami. Bumrah mwaka 2024 peke yake kaangusha 71."

"Na mwisho wa yote mgongo ukamshika kule Sydney, akashindwa kurusha zamu ya mwisho. Mrushaji wa spini, wa kuzungusha mpira kama sisi, mgongo haumshiki."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Mgongo wangu unanishika nikiokota kandambili.

Kinyozi, ambaye kwa miaka sita sijamsikia akitaja kriketi, akazima mashine ili atoe hoja. Kwake yeye ni Wasim Akram wa Pakistan tu, hakuna mwingine. Kwa nini? "Mkono wa kushoto. Hata mimi natumia wa kushoto." Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini sharafa zangu hazijawahi kulingana.

Alipoiwasha mashine tena, haikuwaka. Feni nayo ikazunguka mara mbili za kuaga, ikasimama. Tokeni zimekwisha. Akatuma pesa, tukangoja zile namba zije, na mimi nusu kichwa Mombasa, nusu kichwa msituni.

Kijana hakunionea huruma. Akauliza sisi Wakenya tumewahi kuwa na mrushaji gani.

Nikasimama. Na kitambaa changu shingoni, nikasimama. Nikampa Durban, tarehe 15 Machi 2003, Kombe la Dunia. Aasif Karim, mtoto wa Mombasa hii hii, ana miaka 39, ameshastaafu, wakamfuata nyumbani wakamwambia turudi kazini. Mbele yake Australia, mabingwa wa dunia. Akarusha ova nane na mipira miwili, na ova moja ni mipira sita, akawaachia mikimbio saba tu, yaani pointi saba. Saba! Ova sita hazikuzaa hata mkimbio mmoja. Na wiketi tatu: Ponting, Lehmann, Hogg. Akaondoka na tuzo ya mchezaji bora wa mechi.

"Kwa hiyo tulishinda?"

Hilo si swali la mtu aliyelelewa. Nikaona nimwonyeshe kwa vitendo. Mezani kulikuwa na jiwe la shabu la kinyozi, donge la kutosha kiganja. Nikarudi nyuma hatua tatu hadi kwenye kioo, nikaja polepole kama Karim, kitambaa kikipepea, nikaiachia. Wallahi ilizunguka. Ilidunda kizingitini, ikakata kona kulia, ikaingia kwenye tuktuk iliyoegeshwa nje na kumpata dereva aliyekuwa akinywa chai.

"Nani karusha?"

Watu wanne, vidole vinne, kwangu. Kwa mara ya kwanza wiki ile nilichaguliwa kwa kauli moja.

Chai nikailipa. Shati lake akasema tutaongea. Lakini kuketi sikuketi tena, maana ilikuwa imenifika hapa. Nikawauliza: Juni 2023, fainali ya dunia ya mechi za siku tano pale Oval, London, India wamemwacha nje nani? Ashwin! Mtu wa spini, tena mrushaji nambari moja duniani kwenye orodha ya wakati huo, kawekwa benchi eti kuna mawingu na nyasi, wanataka watu wa kasi. Australia wakamchezesha mtu wao wa spini, Lyon, akaangusha wanne zamu ya mwisho. India wakalala kwa mikimbio 209. Anderson je? Wiketi 704, Waingereza wakamstaafisha akiwa na miaka 41. Halafu jirani zetu Uganda wakaenda Kombe la Dunia 2024 na Frank Nsubuga, miaka 43, akarusha ova nne dhidi ya Papua New Guinea, mikimbio minne, wiketi mbili, mechi wakashinda. Arobaini na mitatu! Mimi nina 47, na mchango wa mipira mipya msimu huu nimelipa mimi. Mwenye Probox hajatoa hata shilingi. Kila akiulizwa, anasema mafuta.

Kimya. Kinyozi akasema namba za tokeni zimekuja ila zimekatwa deni, stima itatosha upande mmoja. Upande wenyewe ukaisha nusu. Adhana hiyo.

Niliswali na kofia, na tangu hapo sijaivua. Mke wangu kaniuliza mbona nala nayo, nikamwambia ni sunna. Akaitazama ilivyolalia upande mmoja, akaenda jikoni kucheka.

Jana nahodha kapiga simu. Nikasafisha koo, nikaiacha ilie mara tatu ili asidhani nilikuwa nangoja.

"Ami, una mtungi wa lita ishirini?"

Ninao. Tatizo ni kifuniko. Kifuniko aliazima jirani wa chini tangu Ramadhani, kwa siku moja, kafunikia mtungi wake wa mafuta ya taa, na kila nikigonga mlango mtoto ananiambia babake kasafiri, nami viatu vyake naviona pale pale mlangoni.