Hela ya kesi ni kipato au ni haki yako imerudi? Ugomvi wa fidia na kodi Marekani

Ukimsikiliza mtu aliyelipwa fidia Marekani halafu akaambiwa ailipie kodi, utaelewa kwa nini anafoka. Bosi kamfukuza kwa visa, kahangaika na wakili miaka miwili, mwisho wa siku upande wa pili wamekubali kumalizana nje ya mahakama, hundi imetoka, jamaa kashusha pumzi. Januari au Februari inayofuata bahasha inaingia, ndani kuna fomu 1099-MISC, ile ambayo aliyekulipa anaandika kiasi alichokulipa, boksi la 3 limejazwa kiasi kikubwa kuliko hata hela aliyoiona kwa macho yake, na nakala IRS, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani, wanayo tayari. Swali lake ni moja tu: mimi sijapata faida hapa, nimerudishiwa kilichokuwa changu, sasa kodi ya nini?

Na kusema kweli hoja yake ina uzito. Mtu aliyevunjwa mguu akapewa dola 50,000 hajatajirika, ana mguu mbovu na dola 50,000. Sheria ya kodi yenyewe inalikubali hilo, kifungu cha 104(a)(2) kinasema fidia ya kuumia au kuugua mwili haihesabiwi kama kipato, iwe umeipata kwa hukumu au kwa kumalizana, na hata mshahara ulioukosa ukiwa kitandani kwa sababu ya majeraha hayo unaingia humo humo kwenye msamaha. Hela ya namna hiyo kwa kawaida haigusi ritani, yaani fomu ya kodi ya mwaka, kabisa, labda tu kama miaka ya nyuma ulishajipunguzia kodi kwa gharama zile zile za matibabu, hapo kile kipande kinarudi kuhesabiwa, huwezi kula huku na huku.

Sasa upande wa serikali nao usiudharau. Wao wanaanzia kifungu cha 61: kila kipato, kutoka chanzo chochote, kinatozwa kodi mpaka sheria iseme hapana. Kwa hiyo kazi ya kuonyesha msamaha ni yako, si yao. Na kuna sehemu wanashinda bila jasho. Kama umedai mshahara ambao hukulipwa, ule mshahara ungelipiwa kodi siku ile ile ungeupata, kwa nini usilipiwe kwa sababu tu umepitia kwa wakili? Ndo maana sehemu hiyo mara nyingi inakuja na W-2, fomu ya mshahara, na makato yake kama mshahara mwingine. Fidia ya kumwadhibu mkosaji nayo ni hivyo hivyo, mahakama ya juu kabisa ilishasema tangu 1955 kwenye kesi ya Glenshaw Glass kwamba ni kipato, na 1996 ikasema hata kama mtu kaumia mwili, kile kipande cha adhabu kinalipiwa. Riba iliyojilimbikiza wakati kesi inasuasua, hiyo hata usijisumbue kubishana.

Ugomvi wenyewe hasa uko katikati, kwenye neno moja. Zamani sheria ilisema majeraha binafsi tu. 1996 bunge likachomeka neno la kusema ni majeraha ya mwili, na kuanzia hapo mtu aliyedhalilishwa, aliyesingiziwa, aliyenyanyaswa kazini mpaka halali usiku, hela yake ikawa kipato. Kuna mama mmoja, kesi yake inaitwa Murphy, alitoa taarifa za uchafuzi wa mazingira kwenye kambi ya jeshi la anga la akiba alikokuwa anafanya kazi, wakamwandama, akapewa dola 70,000, kati ya hizo 45,000 za maumivu ya moyo na 25,000 za jina lake kuharibiwa. Alikuwa anasaga meno kwa msongo, mpaka meno yenyewe yakaharibika, daktari wa meno kathibitisha. Akalipa kodi dola 20,665 halafu akadai irudishwe. Agosti 2006 mahakama ya rufaa ya Washington ikampa ushindi, watu wa kodi nchi nzima wakashtuka, halafu Julai 2007 majaji wale wale wakageuza: kodi inabaki. Yaani meno yameharibika lakini chanzo ni moyo, basi si mwili.

Mimi naona mstari huu umekaa vibaya, na sijui nani anaweza kumwangalia mtu aliyekonda miezi sita kwa mawazo akamwambia mwili wake haukuguswa. Ila nikijiweka kwenye kiti cha mtoza kodi naelewa walichokuwa wanaogopa. Bila mstari wowote kila kesi ya kazini ingeandikwa kuwa ni ya msongo, mwajiri hajali, mlipwaji anafurahi, na hela ambayo kwa asili ni mshahara ingepita bila kodi. Mstari mbaya lakini unaoonekana, au mstari wa haki ambao kila mtu anaupinda? Wamechagua wa kwanza, wakaacha kadirisha kadogo: fidia ya msongo haitozwi kwa kiasi ulicholipia matibabu ya msongo huo, kama hukuwa umeshazipunguza hizo gharama kwenye ritani. Risiti za mshauri wa akili zitunze basi.

Sehemu ambayo serikali hainishawishi kabisa ni ada ya wakili. Chukua kesi ya kuchafuliwa jina, mmemalizana kwa dola 100,000, wakili kachukua 40% yake, wewe umepokea 60,000. Tangu uamuzi wa kesi iitwayo Banks wa 2005 mahakama ya juu kabisa inasema zote 100,000 ni kipato chako, hata zile ambazo hazikupita mkononi mwako. Tuseme tu kodi ni 20%, unatoa 20,000, unabaki na 40,000, sawasawa na wakili wako, tofauti ni kwamba wewe ndo uliyechafuliwa. Na wakili naye analipia kodi 40,000 zile zile, kwa hiyo hela moja imekamuliwa mara mbili. Kwa kesi za ubaguzi na nyingi za kazini bunge lilirekebisha mwaka 2004, ada inakatwa juu kabisa kwenye Schedule 1, kiambatisho cha ritani, kabla hata hujafika kwenye makato mengine, safi. Lakini kesi ya jina au ya faragha haimo humo, na yale makato mengineyo ambayo watu walikuwa wanayatumia yalisimamishwa kuanzia 2018, na 2025 ikapitishwa sheria kwamba hayarudi tena. Hakuna mtu aliyenipa sababu ya maana kwa nini mtu wa ubaguzi asamehewe na wa kusingiziwa asisamehewe.

Kwenye kujaza fomu zenyewe, kosa ninaloliona ni watu kugawanyika makundi mawili, wengine wanaripoti kila senti kwa woga kwa vile 1099 imesema, wengine wanaitupa kwa vile wameambiwa na shemeji kwamba hela ya kesi haina kodi. Ile fomu si hukumu, ni maelezo ya aliyekulipa tu, na wengi wao huwa wanaituma kwa usalama wao. Ila ukikaa kimya, kompyuta za IRS zinalinganisha na barua ya CP2000, ya kukuambia ritani yako hailingani na walichonacho, inakuja na hesabu yao. Mwombe aliyelipa airekebishe, na akigoma bado uioneshe kwenye ritani na ueleze kwa nini kiasi hiki hakitozwi. Kinachotozwa kisicho mshahara wala riba kinaenda mstari wa 8z wa Schedule 1. Lakini kwa kweli hapo umeshachelewa, kazi ilikuwa siku ya kusaini mkataba: hela hii ni ya nini? IRS wanaangalia kesi ilizaliwa na nini, na mkataba usiogawanya chochote unawaachia wao kalamu.

Muulize mpiga picha aliyepigwa teke na Dennis Rodman, mchezaji wa mpira wa kikapu. Januari 1997, mechi ya Chicago Bulls kule Minneapolis, Rodman kaangukia kundi la wapiga picha pembeni ya uwanja, kainuka, kampiga mmoja teke la sehemu za siri. Wakamalizana kwa dola 200,000, mkataba ukataja majeraha lakini pia ukamfunga mdomo, asimseme Rodman vibaya, asitoe siri, na haukusema kipi ni bei ya nini. IRS wakadai msamaha ni dola 1 tu, iliyobaki yote kodi. Mwaka 2003 mahakama ya kodi ikakata yenyewe: 120,000 za teke, hazina kodi, na 80,000 za kukaa kimya na ahadi nyingine, hizo alipie. Na ule mkataba wa siri ukanukuliwa mle mle kwenye hukumu, ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma.