Aioni nono mnazibeza bure

Pale viwanja vya gofu vya Lugalo au Gymkhana ukifungua begi lenye aioni nono, yaani fimbo za chuma zenye unyayo mpana (ile sehemu ya chini inayogusa nyasi), hakosi mtu wa kukwambia hizo za wazee na wanaoanza, nunua bledi, zile nyembamba, ujifunze kupiga. Na watu wananunua kweli, mtu handikepu 22, yaani anazidisha mikwaju kama 22 kwa raundi, seti yake imechakaa anaenda kuchukua vyuma vyembamba kisa Tiger Woods anatumia za hivyo. Sawa, ila Tiger anagonga katikati ya uso wa fimbo karibu kila mara, sisi mpira mmoja tunaugonga kwa ncha, unaofuata kwa shingo.

Wa bledi wana hoja yao, siwanyimi. Ukigonga vibaya mikono inajua hapohapo, na anayejua anaupinda mpira anakotaka. Halafu kiangazi ardhi ikikauka unyayo mwembamba unaingia vizuri chini ya mpira, ule mpana unaweza kudunda ukaupiga mpira tumboni. Basi, kwa mtu wa 22 sioni kingine.

Hizi nono zinazosamehe makosa kazi yake ni hii: Karsten Solheim, yule injinia aliyeanzisha PING, alitoa uzito katikati ya fimbo akaupeleka kwenye kingo, kwahiyo ukigonga kwa ncha uso haupinduki sana na yadi hazipotei nyingi. Uzito umewekwa chini pia, mpira unapaa hata kama hukuupata sawasawa. Na masika, udongo ukilowa, unyayo mpana unateleza badala ya kuchimba shimo la kupandia mgomba. Kwa mchezaji wa wikiendi hiyo ni mikwaju kadhaa imeokolewa bila kujifunza chochote kipya, sasa aibu iko wapi?

Kinachonikera mimi ni nyuzi, yaani uso wa fimbo umelala kiasi gani: zikiwa chache mpira unaenda mbali, na fimbo ya namba ndogo huwa na nyuzi chache. Namba 7 ya Titleist T100, fimbo ya wachezaji wazuri, ina nyuzi 34. Namba 7 ya PING G430 ina 29. Nyuzi 5 ni zaidi ya fimbo nzima, yaani unaringa kwa makedi, wale wabeba begi, kwamba 7 yako inaenda mbali kumbe umeshika 6 iliyoandikwa 7! Hilo lenyewe halina neno, mpira unapaa vilevile, namba waandike wanavyotaka. Balaa liko huku chini, kwenye fimbo za karibu. Pichi ya G430, ile inayofuata namba 9, ina nyuzi 41, na sendi wedji, fimbo ya mchangani, uliyonayo kwenye begi pengine ni 56. Hapo katikati nyuzi 15 hamna fimbo, na ndo yadi zetu hizo, maana mkwaju wa pili umeukosa umebaki na yadi 90 hivi, pichi ni nyingi mno na sendi haifiki, unaanza kupimapima nusu mkwaju ambao hata mapro wanaufanyia mazoezi. Kwahiyo anayepiga hesabu ya seti mpya aweke na hela ya wedji mbili, karibu 46 na 51. Sheria inaruhusu fimbo 14, ikibana toa namba 4 ambayo hata hivyo huipigi.

Kama zinakuja na ndugu kutoka Uingereza au Marekani mwambie aangalie na shafti, yaani mpini wa fimbo, zile ngumu za chuma kwa mwenye swingi ya taratibu zinafuta nusu ya huo msamaha. Na kama bledi bado zinakuita, changanya, 5 mpaka 7 chukua nono, 8 na 9 weka nyembamba, ila hakikisha nyuzi zinafuatana.