Mama Akiondoka, Nani Atabaki Naye?

Lamu, mtu mzima mwenye ulemavu mzito, wa viungo au wa akili, hukaa kwao. Anayemwogesha na kumlisha ni mama, na mama akichoka hupokea dada, aghalabu yule ambaye hajaolewa au ameachwa. Kwa hivyo likitajwa wazo la nyumba ndogo ambamo watu wazima wenye ulemavu wataishi pamoja na wahudumu wanaolipwa, kama zilivyo Uingereza, jibu la kwanza huwa: "Sisi hatutupi watu wetu." Mimi naziunga mkono nyumba hizo, lakini jibu hilo silidharau.

Mama hajui saa za dawa za kifafa tu. Anajua mwanawe akikunja mdomo namna fulani, kifafa ki njiani. Mhudumu wa zamu hayasomi hayo kwenye daftari. Kuna na suala la stara: mwanamke mtu mzima ataogeshwa na nani, atabadilishwa pampasi na nani, usiku atalindwa na nani? Nyumba isiyojibu hayo waziwazi, mzazi ana haki ya kuikataa. Na hofu ya kufungiwa si yetu peke yetu. Mwaka 2017 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, ilieleza kwamba hata nyumba ya watu wachache huwa taasisi tu iwapo mkaazi hachagui anaishi na nani, anakula nini, wala analala saa ngapi.

Lakini tuseme kweli: tukisema "familia inamtunza", mara nyingi tunamaanisha mwanamke mmoja. Kumgeuza mtu mzima usiku kucha asipate vidonda, kumwinua kumpeleka chooni, kufua matandiko kila asubuhi, ni kazi ya kuvunja kiuno, na huenda anayeifanya ana miaka 70. Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wahitaji, hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya yenye mtu wa ulemavu mzito. Ukishanunua pampasi hakuna kinachobaki. Nyumba zetu nazo zina ngazi zilizosimama wima, na kiti cha magurudumu hakipandi darini. Mtu aweza kukaa juu miaka bila kuiona bahari iliyo hatua chache kutoka mlangoni, ilhali kwao anapendwa sana.

Mhudumu mwenyewe hazungumziwi. Watu hudhani kazi yake ni ya yeyote mwenye mikono. Mhudumu mzuri hujua kuinua mtu bila kumuumiza wala kujiumiza, hutambua maumivu ya mtu asiyeweza kusema, na, lililo gumu zaidi, hujua kungoja. Kijana mwenye ulemavu wa akili akitaka kumimina chai yake, atachukua muda na nyingine itamwagika mkekani. Mama, kwa huruma, humiminia. Mhudumu anapaswa kuketi kando amwache. Wako watu wazima wengi ambao huruma ya namna hii imewaweka utotoni maisha yao yote.

Shaka yangu kubwa ni mshahara. Wasichana wa Pwani huenda Saudia kutumika majumba ya watu kwa sababu hapa kazi kama hiyo hailipi. Nyumba ikilipa vibaya, mhudumu ataondoka, aje mwingine, naye aondoke, na mkaazi aliyeanza kumzoea ataachwa upya kila mara. Hapo heri abaki na dada yake. Wafadhili hupenda kujenga. Kulipa mishahara mwaka wa tano hawapendi. Pwani tuna wakfu, mali zilizowekwa kwa ajili ya misikiti na wahitaji, na Tume ya Wakfu iko Mombasa. Kodi ya pango inayotokana na mali za namna hiyo, kaunti ikiongeza fungu lake, ni msingi wa kutegemewa kuliko pesa za mradi.

Nyumba yenyewe iwe mtaani, Mkomani au Langoni, orofa ya chini, watu watatu au wanne, na jamaa waingie wakati wowote. Isingoje msiba. Mama angali hai, mhudumu aje kwanza nyumbani ajifunze kwake. Kijana naye akalale huko usiku mmoja, arudi, kisha aulizwe kama anataka kwenda tena. Akikataa, asilazimishwe.