Ugonjwa Ukiingia Goma, Watoto Warudi Darasani Lini?

Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, redio ikitaja ugonjwa mpya, wazazi huuliza kwanza kama dawa ipo, halafu huuliza kama shule zitafungwa. Zikishafungwa, mabishano yanahamia kwenye kufungua: lini, na kwa namna gani? Watoto wote kila siku, au nusu leo na nusu kesho? Tulibishana hivyo mwaka 2020 wakati wa Covid. Tukabishana tena mwaka 2024, Shirika la Afya Duniani lilipotangaza mpox, ugonjwa wa vipele vya ngozini, kuwa dharura ya kimataifa tarehe 14 Agosti, wiki tatu hivi kabla ya masomo kuanza. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na ni mzazi, na upande wangu nausema mapema: watoto warudi haraka, warudi wote, na warudi kila siku. Ila wanaonipinga si watu wa kupuuzwa. Baadhi yao nafundisha nao shule moja, na mmoja wao ni mama yangu mzazi, ninayeishi naye.

Tukumbushane kwanza tarehe. Rais Félix Tshisekedi alitangaza kufungwa kwa shule tarehe 18 Machi 2020, siku nane baada ya mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa Kinshasa. Mwezi wa Agosti walirudi wanafunzi wa madarasa ya mwisho tu, wale wa Tenafep, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na wa Exetat, mtihani wa kumaliza sekondari. Mwaka mpya wa masomo ukaanza tarehe 12 Oktoba. Tarehe 18 Desemba milango ikafungwa tena kwa sababu ya wimbi la pili, mpaka tarehe 22 Februari 2021. Hesabu mwenyewe: katika miezi kumi na moja, mtoto ambaye hakuwa darasa la mwisho alisoma wiki zisizofika kumi. Na kwetu Goma hayakuishia hapo. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka, siku tano baadaye sehemu kubwa ya mji ikaamriwa kuhama, tukatawanyika Sake, Minova, Bukavu na Gisenyi. Januari 2025 vita vikafunga madarasa tena. Mtoto wa hapa hafungiwi shule mara moja katika maisha yake. Anafungiwa mara nyingi, na kila safari anarudi akiwa amepungukiwa kitu.

Nilikiona kitu hicho kwa macho yangu wiki ile ya Februari 2021. Kulikuwa na kijana wa mwaka wa nne ambaye kabla ya Covid alikuwa hodari wa hesabu, wa kunyoosha mkono kabla sijamaliza swali. Nikamwita ubaoni: 84 gawanya kwa 4. Akashika chaki, akaandika 84, akachora mstari wake vizuri, halafu akasimama. Nikadhani anafikiri. Kumbe alikuwa anangoja nimwambie nini kinafuata. Mikono yake ilikuwa na weusi wa makaa ulioingia kwenye nyufa za vidole, ule usiotoka kwa sabuni, maana miezi yote ile alikuwa akimsaidia mama yake kupakia magunia kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Hakuwa mvivu hata kidogo. Alifanya kazi kuliko mimi. Ila kazi hiyo haikumbakizia kugawanya.

Sasa niwasikilize wanaosema tusiharakishe.

Hoja yao ya kwanza ni nafasi. Elimu bure ya shule za msingi ilianza kutekelezwa Septemba 2019, baada ya kukaa kwenye katiba, kifungu cha 43, tangu mwaka 2006. Lilikuwa jambo jema, na watoto waliokuwa wakiuza karanga barabarani waliingia darasani. Lakini kuta hazikusogea. Miezi sita baadaye Covid ikatukuta na watoto wanne kwenye dawati la wawili, darasa moja lina watoto 80, na tukaambiwa waachane mita moja. Mita ipi?

Ya pili ni maji. Ziwa Kivu tunaliona kutoka shuleni, ila maji tunayanunua kwa bidoni. Bidoni la lita 20 mbele ya mlango wa darasa la watoto 80 ni robo lita kwa kila mmoja, yaani kunawa vizuri mara moja tu, asubuhi. Wakitoka mapumzikoni, robine, yaani koki, inatoa upepo. Mama yangu ananiuliza swali hilo kila mara: “Mwanangu, mtawanawisha na nini?” Sina jibu zuri la kumpa.

Ya tatu ndiyo inayonigusa zaidi, na naona wanaopigania kufungua huipita mbio. Nchi hii ina walimu wengi waliovuka umri wa kustaafu na bado wanashika chaki, kwa sababu wakiacha hawana uhakika wa kulipwa haki zao. Covid iliua zaidi wazee na wenye sukari au presha. Ukimrudisha mzee wa miaka 68 kwenye chumba chenye watoto 80, umemwambia achague kati ya mshahara na mapafu yake. Na mtoto akitoka hapo anarudi nyumbani kwenye vyumba viwili, analala na bibi yake kitanda kimoja. Uliza hospitali zetu mwaka ule zilikuwa na oksijeni kiasi gani, utaelewa kwa nini mama yangu alikuwa anawasimamisha wajukuu mlangoni kila wakitoka nje.

Kwa hoja hizo tatu mtu angetegemea nikubali suluhu ya katikati: nusu ya watoto Jumatatu, nusu Jumanne, mpaka hali itulie. Nchi nyingi zilifanya hivyo. Sikubali, na sababu yangu ni ya hapa hapa. Shule nyingi za Goma tayari zinasomesha kwa zamu, ya asubuhi na ya mchana, maana vyumba havitoshi. Mtoto wa zamu anapata nusu siku hata ugonjwa usipokuwepo. Ukiigawa tena hiyo nusu siku kwa kupokezana, anabaki na robo. Barani Ulaya mtoto aliyeambiwa aje siku moja na kukaa nyumbani siku ya pili, siku ile ya pili alikuwa na kompyuta, umeme, na mara nyingi mzazi pembeni. Kwetu Radio Okapi ilijitahidi kurusha masomo hewani, na nawashukuru kwa hilo. Lakini simu yenye redio ni ya baba, na baba ametoka nayo alfajiri kwenye pikipiki. UNICEF mwaka 2020 ilikadiria kwamba watoto wasiopungua milioni 463 duniani hawakuwa na njia yoyote ya kufuata masomo wakiwa nyumbani. Wengi wa mtaa wangu wako humo. Isitoshe, mtoto akishazoea kwamba siku ya pili ni ya kuchota maji au kuuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, siku ya kwanza nayo inaanza kuliwa. Mama hafanyi hivyo kwa ubaya. Ile kazi inaleta unga jioni.

Lakini yote hayo hayajibu kama kurudi ni salama, na hapo ndipo naona mjadala wetu unapotea njia. Tunauliza “shule zifunguliwe lini wakati wa janga” kana kwamba majanga yote ni ndugu. Goma tuna bahati mbaya ya kujua zaidi ya hapo. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 Kivu Kaskazini, jimbo letu, ilidumu karibu miaka miwili, wagonjwa 3,470, waliokufa 2,287. Ni ugonjwa unaoua kupita Covid mara nyingi, lakini masomo ya mji wa Beni yalianza Septemba 2018 ugonjwa ukiwepo, kwa kunawa na kupimwa joto mlangoni, na mara nyingi kilichofunga shule huko kilikuwa mashambulizi na siku za ville morte, yaani mji mzima kugoma na kufunga shughuli. (Goma hatuwezi kujisifu sana kwa hilo: mgonjwa wetu wa kwanza alipatikana Julai 2019, watoto wakiwa likizo.) Iliwezekana kwa sababu Ebola haisafiri hewani. Inapita kwa kugusa majimaji ya mgonjwa ambaye tayari ana dalili, na mtu wa namna hiyo haketi kwenye dawati akifanya imla.

Covid ilikuwa kinyume: mtu mzima wa afya, asiye na dalili, anaipuliza ndani ya chumba. Ndoo na robine tulizorithi kutoka Ebola tulizipanga tena milangoni, na zilifaa kwa kipindupindu kuliko kwa Covid. Kilichotakiwa zaidi kilikuwa upepo. Na hapa, kwa mara ya kwanza, madarasa yetu ya mbao zenye nyufa, yaliyojengwa juu ya mawe ya volkano, yalikuwa na nafuu kuliko majengo ya saruji yenye vioo vilivyofungwa. Shida ni mvua ikinyesha juu ya bati: unafunga madirisha, na inabidi upige kelele ili usikike, na kupiga kelele ndiko kunakorusha hewa nyingi zaidi.

Mpox nayo ina sura yake. Inapita zaidi kwa ngozi kugusana, kwa nguo na kitanda, na imewashika watoto wengi, hasa kwenye kambi za waliohama. Pale dawati la watoto wanne ni hatari ya kweli, na mwalimu kukagua mikono na nyuso asubuhi ni dawa nusu. Halafu kuna surua. Janga la 2019 na 2020 liliua Wakongomani zaidi ya 6,000, wengi watoto wa chini ya miaka mitano, na sikumbuki hata siku moja shule kufungwa kwa ajili yake. Nalitaja hilo kwa uchungu: hofu yetu haifuati hatari, inafuata kelele za ugonjwa duniani.

Kwa hiyo nasema kufunga Machi 2020 kulikuwa sahihi. Ugonjwa ulikuwa mpya, hakuna aliyejua unamuua nani, na serikali iliyofunga haikukosea. Kosa ni la Desemba. Kufikia tarehe 18 Desemba 2020 dunia ilikwishajua kwamba watoto wadogo hawaugui vikali kama wazee wao, na soko la Virunga lilikuwa limejaa mchana kutwa. Tulifunga mahali ambapo watu hawawezi kugoma wala kuandamana, yaani darasani, na kuacha wazi mahali penye sauti.

Uganda waliendelea kufungia wengi mpaka tarehe 10 Januari 2022, karibu miaka miwili. Sierra Leone, wakati wa Ebola yao, walifunga kwa miezi mingi, wasichana wengi wakapata mimba, na waliorudi na tumbo wakazuiwa shuleni mpaka mwaka 2020. Mzazi anayeniambia “mwaka si kitu, uhai kwanza” nampa mfano huo. Anayeniambia kwamba shule ifunguliwe hata kama mwalimu mzee anakufa, nampeleka kwa mama yangu.

Kitu kimoja nadhani hatujakizungumza vya kutosha, nacho ni nani atangulie. Sisi tulirudisha kwanza wa madarasa ya mwisho kwa sababu ya mitihani. Denmark, tarehe 15 Aprili 2020, walianza na wadogo. Nimelifikiria sana hilo. Kijana wa mwaka wa sita wa sekondari anajua kusoma. Ukimpa madaftari ya mwaka uliopita na wenzake wawili, atajitahidi. Mtoto wa mwaka wa kwanza aliyekuwa anaunganisha “ba” na “ba” hana njia ya kujisomesha, na ndiye anayesahau kila kitu. Benki ya Dunia inasema katika nchi yetu watoto 97 kati ya 100 wenye miaka kumi hawawezi kusoma na kuelewa maandishi mepesi. Pale ndipo penye moto, huku chini. Ndiyo, bila Exetat kijana hapati diploma na hawezi kuingia chuo kikuu, na wazazi waliouza mbuzi kwa ajili yake wana haki ya kulia. Ila mtihani unaweza kusogezwa miezi miwili, na mwaka 2020 ulisogezwa. Umri wa kujifunza kusoma hausogezwi.

Ningependa basi tarehe ya kurudi isitoke Kinshasa kwa nchi nzima, kana kwamba Goma na Matadi ni mtaa mmoja. Zone ya afya ya Karisimbi na ile ya Goma zinajua wagonjwa wao wako wapi, na waganga wao ndio waliofuatilia Ebola nyumba kwa nyumba. Wao wakae na madirekta, yaani wakuu wa shule, kila wiki mbili, waseme shule hii ifunguliwe, ile ingoje, na waseme ingoje kitu gani. “Mpaka hali itulie” isikubaliwe kama jibu, maana hakuna mzazi anayeweza kuidai. Mwaka wa kwanza na wa pili watangulie. Walimu wazee wapewe kazi ya kusahihisha na ya redio huku mshahara ukiendelea, na vijana waingie darasani. Fedha zikipatikana, zinunue tanki la kukinga maji ya bati, kwa sababu mvua ya Goma ni nyingi na inamwagika bure kwenye mawe, huku sisi tukinunua bidoni.

Mama yangu bado hajakubali. Juzi tu kaniuliza tena kuhusu maji, nikamweleza habari ya tanki. Akasema nikishalifunga shuleni nimwite alione, ndipo tuendelee kuongea.